Tiyo ya turbo: alumini, inoksi ao chuma cheusi?

Ilikuwa saa tisa ya mchana, kwenye kilima kati ya Kabasha na Maboya, wakati abiria waliokaa nyuma waliposikia mlio kama wa puto inayopasuka. Kisha ikafuata filimbi. Hiace iliyokuwa inapanda vizuri kutoka Beni kwenda Butembo ikaanza kutembea kama mzee anayeegemea fimbo, na nyuma yake moshi mweusi ukafunika barabara. Shoferi akarudisha gia mpaka ya kwanza. Gari ikasogea kidogo, ikachoka, ikasimama.

Kila mtu anayetumia barabara hiyo anajua kwamba kusimama njiani si jambo dogo. Hakuna aliyeuliza gari ina nini. Waliuliza ni saa ngapi. Mama mmoja mwenye watoto wawili na bido mbili za mafuta ya mawese alishuka wa kwanza. Akaangalia vichaka upande wa kushoto, akaangalia upande wa kulia, kisha akafunga mtoto mdogo mgongoni kwa nguvu, kama mtu anayejitayarisha kukimbia. Alikwisha kufanya hivyo mara mbili katika maisha yake: mara ya kwanza alipotoka Eringeti, mara ya pili alipotoka Oicha. Sasa anaishi Mulekera, katika nyumba ya jamaa waliompokea, na mafuta yale alikuwa anayapeleka soko la Butembo ili watoto wapate pesa ya masomo.

Shoferi mwenyewe ni mtu aliyehamishwa na vita, ingawa abiria wengi hawajui. Alikuwa na shamba la kakao upande wa Mbau. Njia ya kwenda shambani ilipokuwa njia ya kufa, aliuza mavuno ya mwisho, akaongeza deni la shemeji yake, akanunua gari ya mazutu iliyopitia mpaka wa Kasindi. Tangu siku hiyo husema kwamba gari ndiyo shamba lake. Ikitembea, watu saba wanakula. Ikilala siku mbili, anaanza kukwepa simu ya shemeji.

Alifungua mbele, akainama, akaona ubaya. Tiyo ya alumini inayotoka kwenye turbo ilikuwa imepasuka kando ya mahali ilipochomelewa. Ufa ulikuwa mrefu kama kidole, na mdomo wake umefunguka.

Kwa asiyejua mambo ya motere: turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye mtaimbo mmoja. Moshi unaotoka kwenye motere unazungusha la kwanza. La pili linavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya motere kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, mazutu inaungua vizuri na gari inapanda. Jambo hilo lina maana zaidi kwetu kuliko kwa watu wa pwani. Butembo iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko imepungua karibu moja ya tano kuliko ile ya Mombasa. Gari ya mazutu isiyo na turbo inahema kwenye vilima hivi kama mtu mwenye pumu.

Lakini hewa ikisongwa inapata moto, kama vile pompi ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Kwenye mlima mrefu, hewa inayotoka kwenye turbo inaweza kupita digri 100. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo inayoingia kwenye motere ni kidogo. Ndiyo sababu inapitishwa kwanza kwenye intakula, kitu kinachofanana na radiyateri, isipokuwa ndani yake hamna maji, mnapita hewa. Kati ya turbo na intakula kuna tiyo. Kati ya intakula na motere kuna tiyo nyingine. Moja ikipasuka, hewa inapotea njiani, mazutu inazidi hewa, na kile kinachobaki bila kuungua kinatoka nyuma kama moshi mweusi. Pesa ya mazutu inatoka pamoja nao.

Intakula ya kwanza ya Hiace hiyo ilikuwa imekufa zamani. Mafundi walifunga nyingine, kubwa zaidi, iliyotolewa kwenye kamyo ya feraye, wakaiweka mbele mahali inapopata upepo. Kwa sababu hapo si mahali pake pa kiwanda, tiyo zake zilibidi zitengenezwe upya, karibu metere moja na nusu kwa jumla. Zilichomelewa Kampala kwa alumini. Zilikuwa nyepesi, zinang'aa, na shoferi alipenda kuzionyesha. Zilikaa miezi saba.

Chini kidogo ya kilima kulikuwa na kijiji, na kijijini kulikuwa na kijana mwenye mashine ya kuchomelea na jenereta. Kazi yake ni milango, madirisha na vitanda. Alikubali kujaribu. Alisugua ile tiyo, akaweka bageti, akagusa. Mara ya kwanza moto haukushika. Akaongeza nguvu ya mashine, akagusa tena. Alumini ilikaa vilevile, nyeupe, bila kuonyesha kitu chochote, kisha ghafla ikaanguka chini kama tone la mshumaa. Mahali pa ufa pakawa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Kijana alisikitika sana. «Yaya, unisamehe,» alisema. «Chuma minakijua. Hiki, hapana.»

Hakuwa na kosa. Chuma cha kawaida kinayeyuka karibu na digri 1,500, na kabla ya kuyeyuka kinakuwa chekundu, kisha cha manjano. Kinampa fundi onyo. Alumini inayeyuka kwenye digri 660 na haibadiliki rangi hata kidogo. Tena imevaa ngozi nyembamba isiyoonekana, inayojitengeneza yenyewe kila inapokutana na hewa, na ngozi hiyo haiyeyuki mpaka digri 2,000 na zaidi. Kwa hiyo ndani kunakuwa uji wakati juu kungali kugumu. Ili kuichomelea vizuri kunatakiwa mashine nyingine, gesi ya argoni ya kufukuza hewa, na mkono uliofundishwa kazi hiyo. Vitu hivyo vinapatikana Kampala na Nairobi. Kando ya barabara yetu kunapatikana mashine ya milango.

Waliokoa safari kwa njia ya zamani. Walikata mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, wakauzungusha mara nyingi juu ya tundu, wakafunga kwa waya. Wanaume walisukuma gari mpaka juu ya kilima. Kutoka hapo shoferi aliendesha polepole bila kukanyaga sana, moshi nyuma, kimya ndani. Waliingia Butembo giza likiwa limeshika. Mama wa mafuta alilipa pesa yake yote bila kupunguza. Lakini aliposhuka alisema neno moja ambalo shoferi alirudi nalo mpaka Beni: «Mwanangu, mimi gari yako sitapanda tena. Mimi niko na watoto.»

Kesho yake shoferi alirudi bila abiria mpaka Mulekera, kwenye garaji moja iliyo chini ya mti wa avoka. Fundi wa hapo ni mzee anayejulikana kwa kusema kidogo. Kila mtu anamwita Papa. Shoferi alikuwa amekwisha kukata shauri njiani: atatuma pesa Kampala, waleteye tiyo nyingine ya alumini, nene zaidi.

Papa hakumkatalia. Alimwomba akae kwenye kiti cha mbao, akaweka mbele yake vipande vitano vya tiyo, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga samaki sokoni.

Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, zile tiyo za maji za kijivu. Mwanafunzi wake ndiye aliyekileta, kwa sababu aliona pikipiki moja ikitumia hivyo. Papa alikitia kwenye maji yaliyokuwa yanachemka kwa chai, akakitoa na kukibonyeza kwa vidole viwili. Kikabonyea. Plastiki hiyo inalegea karibu na digri 80. Kwenye kilima hewa ya turbo ina moto kupita maji ya chai, na tena inasukuma.

Cha pili kilikuwa tiyo ya maji ya chuma iliyopakwa zinki, ile ya rangi ya fedha inayouzwa katika kila duka la vyuma la mji. Ni ngumu, haipati kutu haraka, na unene wake unatosha. Hapa ndipo watu wengi wanajikwaa. Zinki inachemka kwenye digri 907, chini sana ya moto wa kuchomelea. Inapanda kama moshi mweupe, na fundi anayeuvuta analala usiku ana homa na baridi kama ya malaria. Halafu ndani ya tiyo, pembeni ya mahali palipochomwa, zinki inaachana na chuma na kubaki kama magamba. Siku moja magamba hayo yatasafiri.

«Yatasafiri kwenda wapi?» Papa aliuliza, na mwanafunzi akajibu: «Kwenye motere.»

Jambo hilo mzee alitaka lisikike vizuri. Chujio la hewa liko kabla ya turbo. Baada ya turbo hakuna chujio tena. Kitu chochote kilicho ndani ya tiyo hizi, kiwe kutu, mchanga, kipande cha bageti ao gamba la zinki, kinakwenda kwenye intakula, na kikipita hapo kinaingia kwenye silinda. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu chuma cha tiyo hii si kama kinang'aa ao ni chepesi. Ni kujua kitaacha nini ndani yake.

Cha tatu kilikuwa alumini yenyewe, kipande cha ile iliyopasuka. Papa hakuisema vibaya. Haipati kutu ya kubanduka. Ina uzito wa theluthi moja ya chuma. Inapitisha moto mara tatu ao nne kuliko chuma cheusi, kwa hiyo inapoa upesi. Vijana wa Kampala na Nairobi wenye Subaru za mbio wanaichagua na wana haki: kwao kila kilo ni adui, na mwenye mashine ya argoni yuko mtaa wa pili.

Kisha wakapiga hesabu ya Hiace. Metere moja na nusu ya tiyo ya upana wa milimetere 50 na unene wa milimetere 2, ikiwa ya chuma, ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Ikiwa ya alumini, kilo moja na robo. Faida ni zaidi kidogo ya kilo mbili. Kwenye gari inayobeba watu, bido za mafuta, mikungu ya ndizi na godoro juu, kilo mbili ni kuku mmoja mnene. Na habari ya kupoa pia ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Motere inapofanya kazi, hewa inapita tiyo nzima kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Haina nafasi ya kupoa humo. Kazi ya kupoza ni ya intakula. Kazi ya tiyo ni kufikisha hewa bila kuvuja.

Cha nne kilikuwa inoksi. Shoferi alikishika kwa heshima. Inoksi haili kutu, ina nguvu, inavumilia moto, na mashine ya milango inaweza kuichomelea, mradi kuwe na bageti zake. Lakini bageti hizo ni ghali na si kila kijiji kinazo. Tiyo yenyewe ni ghali zaidi. Tena ina tabia moja isiyojulikana na wengi: ikichomelewa bila gesi ya kuilinda upande wa ndani, kule ndani inafanya chenga nyeusi kama sukari iliyoungua. Anayeona nje tu anasifu kazi. Mwenye pesa na fundi wa kweli anaweza kuichukua bila majuto. Shoferi alikuwa na deni la shemeji.

Cha tano kilikuwa chuma cheusi, tiyo ya duara ambayo mafundi wa milango wanainunua kwa fimbo za metere sita. Hakina sifa. Ni kizito, kinapata kutu, hakuna anayepiga picha nacho. Papa alikigonga kwenye meza.

«Nikuulize, mwana. Ukikwama tena kule kwenye kilima, saa tisa, na watoto wa watu ndani, nani atakutengenezea?»

Shoferi alimkumbuka yule kijana wa mashine ya milango. Hakujibu. Aliinuka, akaenda kununua fimbo moja ya chuma.

Kazi ilichukua siku mbili, na sehemu kubwa haikuwa ya kuchomelea. Kwanza ni kona. Mtu mmoja aliyekuwa anatazama alisema wajaze mchanga ndani ya tiyo, wapashe moto, waikunje, kama wanavyofanya kwa viti. Papa alikataa. Mchanga wenye unyevu ukipata moto ndani ya chuma kilichozibwa unaweza kulipuka, na hata ukiwa mkavu, punje moja ikigoma kutoka, ndiyo itakayokula silinda. Alikata vipande vidogo vya pembe, kama vya chungwa, akaviunganisha kimoja kwa kingine mpaka kona ikapatikana. Inachukua muda, lakini inaonekana yote, ndani na nje.

Kisha ni midomo. Hapa mzee alieleza hesabu nyingine. Turbo ikisukuma kwa nguvu ya bari moja, kwenye mdomo wa milimetere 50, hewa inautoa mpira kwenye tiyo kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 20. Kila mara shoferi anapokanyaga, ni kama mtu anavuta kwa mkono. Tiyo ikiwa laini mpaka mwisho, mpira utateleza siku moja, hata kolie ikazwe namna gani. Kwa hiyo kila mdomo ulizungushiwa mstari mwembamba wa kuchomelea, ukasuguliwa kwa tupa mpaka ukawa ukingo laini usiokata. Mpira unapita juu ya ukingo, kolie inakaza nyuma yake.

Mipira nayo si yote sawa. Mpira wa radiyateri umetengenezwa kwa maji. Turbo inatupa mvuke wa mafuta kidogo, na mpira huo ukinywa mafuta unavimba na kulainika. Shoferi alilipa zaidi kwa mipira ya turbo yenye nyuzi ndani. Papa alimwambia hapo ndipo pesa iliyobaki kwenye chuma iende.

La tatu ni mahali tiyo inapofungwa. Ile ya Kampala haikupasuka kwa sababu ya alumini peke yake. Ilikuwa imefungwa kwa boloti kwenye mwili wa gari upande mmoja, na upande mwingine inashikamana na motere karibu bila mpira kati. Motere ya mazutu inatikisika; mwili wa gari unatikisika kwa namna yake, hasa kwenye barabara zetu. Tiyo ilikuwa kama mtoto anayevutwa mkono huku na mkono huku na wazazi wanaogombana. Alumini inachoka upesi kwa mtikisiko wa namna hiyo, na inachokea pale pale ilipochomelewa, kwa sababu moto wa kuchomelea umeilainisha. Lakini hata chuma kingepasuka mwishoni. Safari hii Papa aliweka mpira mfupi kati ya kila kitu kinachotikisika na kisichotikisika, na kila kipande cha tiyo kikapata bwana mmoja: ama motere, ama mwili wa gari, si vyote viwili.

Halafu usafi. Mwanafunzi alipewa nusu siku nzima kwa hiyo. Aligonga tiyo kwa nyundo ndogo ili maganda ya bageti yaanguke, akapitisha brashi ya waya, akapuliza kwa kompresa ya mtu wa tairi aliye jirani, akavuta kitambaa chenye mazutu ndani mara nyingi mpaka kikatoka kama kilivyoingia. Nje walipaka rangi. Ndani hapana, kwa sababu rangi ya ndani nayo siku moja inabanduka. Kutu kwenye chuma cheusi haiwezi kukatazwa kabisa. Kwa hiyo kuna sharti: kila miezi michache, wakati wa kubadilisha mafuta ya motere, tiyo zifunguliwe, ziangaliwe, zipitishwe kitambaa. Anayechagua chuma cheusi amechagua na kazi hiyo. Asiyetaka kuifanya, afadhali akope pesa ya inoksi.

Mwisho walifunga midomo miwili, wakatia hewa ya kompresa kwa nguvu ndogo, wakapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kiungo kimoja kilitoa mapovu. Wakakisugua, wakakichomelea upya. Mara ya pili hakuna povu lililoonekana. Papa alifuta mikono.

Magari kama hili ni mengi mjini kwa sasa. Tangu M23 iingie Kanyabayonga mwezi wa sita 2024 na watu wa kusini mwa Lubero wakapanda kuelekea Butembo na Beni, na tangu Goma ianguke mwezi wa kwanza 2025 na serikali ya jimbo ihamie Beni, watu wamekuwa wengi na safari zimekuwa nyingi. Hiace hizi ndizo zinazobeba godoro la familia inayokimbia, mgonjwa anayepelekwa hospitali, mwanafunzi anayerudi shuleni, biashara ya mama aliyeacha shamba lake. Mwenye gari anaposema «itafika tu», anasema kwa niaba ya watu 14 ambao hawakuulizwa.

Mwenye kupanda gari naye anaweza kusikiliza. Filimbi inayoanza gari inapopanda, moshi mweusi ambao haukuwapo wiki iliyopita, gari iliyokuwa inapanda na gia ya tatu na sasa inadai ya pili: hizo ni dalili za hewa inayovuja. Kumwambia shoferi kabla ya kutoka mjini si kumtukana. Maji ya sabuni na dakika kumi vinaonyesha tundu mahali lilipo.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo ilikuwa siku ya soko. Gari ilipanda kile kilima na gia ya tatu, bila filimbi. Shoferi hakwenda moja kwa moja Butembo. Alisimama katika kile kijiji, akazima motere, akamwita kijana wa mashine ya milango aje aangalie. Kijana aliinama mbele ya gari, akagusa tiyo nyeusi kwa ukucha, akapitisha kidole juu ya mistari ya kuchomelea, mmoja baada ya mwingine.

«Hii,» alisema, «hii nitaiweza.»

Shoferi alifungua mlango wa nyuma, akashusha kipande cha metere moja kilichobaki kwenye ile fimbo ya metere sita, pamoja na bageti kumi zilizofungwa kwa plastiki ili zisipate unyevu. Akamwomba kijana avitunze ndani ya nyumba, juu, mahali pakavu. Vipande vingine vya fimbo hiyo viko kwenye garaji ya Mulekera na kwa fundi mmoja wa Butembo.

Yule mama wa mafuta ya mawese hajapanda gari hiyo tena. Lakini wiki iliyopita alimtuma mtoto wake mkubwa kwenye kituo cha magari Beni, kumuuliza shoferi siku ya kuondoka na saa. Shoferi alimjibu kwamba gari inatoka saa mbili ya asubuhi, na kwamba mama akipenda, afike mapema ili aangalie mwenyewe chini ya kiti cha mbele kabla ya kulipa.